Kubadilisha mikanda ya taimingi ya Ducati nyumbani kwa mara ya kwanza: nilivyofanya, na mahali nilipokosea

#1 Mpanda_wa_SouthB (mwenye uzi)

Habari zenu wenzangu. Wiki mbili zilizopita nilibadilisha mikanda ya taimingi ya pikipiki yangu, Ducati Monster 620, nyuma ya nyumba ninayopanga hapa South B, Nairobi. Sikuwa nimewahi kufungua injini ya aina hiyo. Ninaandika kwa sababu nilipokuwa nikitafuta maelezo kwa Kiswahili sikupata chochote, na kwa sababu nilifanya kosa moja ambalo lingeweza kuniangamizia injini kama nisingelikagua kabla ya kuiwasha.

Nianze na sababu ya kuifungua. Pikipiki hii niliinunua ikiwa imepita mikononi mwa watu wawili, na pamoja nayo nilipewa risiti ya gereji moja ya hapa mjini inayosema kwamba mikanda yote miwili ilibadilishwa miezi minne kabla ya mauzo. Niliamini. Kisha Jumamosi moja, nikiwa nasafisha tope la Eastern Bypass, nilifungua kifuniko kimoja cha plastiki upande wa kulia ili nione tu mkanda unafananaje. Maandishi ya mtengenezaji yalikuwa yamefutika kabisa, mgongo wa mkanda ulikuwa unang'aa kama kiatu kilichopigwa kiwi, na nilipoukunja kidogo kwa kidole niliona nyufa nyembamba kwenye mizizi ya meno. Mkanda wa miezi minne haufanani hivyo. Kitabu cha mwongozo cha pikipiki za kizazi hiki kinataka mikanda ibadilishwe kila kilomita 20,000 au kila miaka 2, lolote litakalotangulia, hata kama pikipiki imekaa tu ndani ya banda, kwa kuwa mpira huzeeka bila kutembea.

Kwa wasioijua injini hii, ina silinda mbili zilizoachana kwa nyuzi 90, moja imelala kuelekea gurudumu la mbele na nyingine imesimama. Kila silinda ina kamshafti yake, yaani shafti inayofungua na kufunga valvu (vilango vya hewa na moshi vya silinda), na kila kamshafti inazungushwa na mkanda wake wenye meno. Ni mpango uliobuniwa na mhandisi Fabio Taglioni kwa ajili ya modeli ya Pantah mwishoni mwa miaka ya 1970. Kabla ya hapo injini kubwa za Ducati zilitumia shafti na gia za pembe, zilizokuwa ghali na ngumu kupangwa. Jambo la pili ni kwamba valvu za injini hizi hazitegemei springi kujifunga kama injini nyingine. Kuna mkono unaozifungua na mkono mwingine unaozivuta zifunge. Mkanda ukikatika, kamshafti inasimama huku pistoni zikiendelea kupanda, na valvu iliyobaki wazi inagongwa. Hapo huzungumzii tena bei ya mkanda. Unazungumzia bei ya kichwa kizima cha silinda.

Nilimwuliza fundi wa mtaani kwetu, mtu ninayemheshimu sana, ambaye anaweza kushusha injini ya pikipiki ya Bajaj Boxer na kuirudisha kabla ya chakula cha mchana. Aliniambia kwa uungwana kwamba hajawahi kuigusa hiyo kitu na kwamba hataki kujifunzia kwa pikipiki yangu. Ile gereji ya kwenye risiti sikuwa na sababu ya kuirudia. Ndipo nikaamua kujifunzia mwenyewe kwa kilicho changu.

Nitaendelea jioni na vifaa pamoja na hatua. Kama kuna aliyewahi kuifanya kazi hii, anisahihishe kabla wengine hawajaniiga.

#2 Boda_Pipeline

Samahani kwa kuingilia, ndugu. Mimi ni mwendesha boda na ninatumia Boxer 150. Nimesoma hapo juu nikaingiwa na hofu. Je, hata yangu ina huo mkanda? Kwa maana sijawahi kuambiwa nibadilishe, na sasa iko zaidi ya kilomita elfu sitini.

#3 Mpanda_wa_SouthB

Usiwe na wasiwasi, ndugu yangu. Boxer 150 ina mnyororo wa taimingi uliofichwa ndani ya injini, unaolainishwa na oili, pamoja na kifaa cha kuukaza. Hauna muda maalumu wa kubadilishwa kama mkanda. Hubadilishwa unapolegea, na mara nyingi hukupa taarifa mapema kwa mlio wa kukereza upande wa silinda, hasa asubuhi injini ikiwa baridi. Ukitaka uishi muda mrefu, badilisha oili kwa wakati. TVS HLX nazo ni mnyororo. Zile pikipiki za Kichina zilizonakiliwa kutoka kwa Honda CG125 hazina hata mnyororo, kwa sababu kamshafti yake iko chini, inasukumwa na gia, na fito ndefu ndizo zinazopeleka nguvu juu kwenye valvu.

Mwenye skuta naye asichanganye mambo. Mkanda mpana ulio upande wa kushoto wa skuta ni wa kupeleka nguvu kwenye gurudumu. Ukikatika utasimama barabarani na kusukuma, lakini injini yako iko salama.

#4 Fundi_Kariobangi

Nimekuwa katika kazi hii tangu 1998, na Ducati nimefungua chache tu, zisizozidi vidole vya mikono miwili. Mwenye uzi, endelea, ninasoma. Nakuomba tu usiseme kwamba ni kazi rahisi. Mikono haina tabu. Bolti zenyewe ni chache kuliko za kubadilisha bamba za klachi. Tabu iko kwenye macho na subira, na vijana wengi huja hapa wakiwa na mikono mizuri sana lakini macho yameshatangulia kwenda kunywa chai.

#5 Mpanda_wa_SouthB

Asante, Fundi. Sitasema ni rahisi.

Mikanda yenyewe ilitoka Uingereza kwa mkono wa binamu yangu aliyekuwa akija likizo. Nilizunguka Kirinyaga Road siku nzima nikapata mikanda ya kila gari linalotembea Kenya isipokuwa huu, na muuzaji mmoja akataka kunipa wa gari dogo eti "meno yanakaribiana". Meno hayakaribiani, yanalingana au hayalingani. Binamu nilimwonya asiikunje, kwa sababu ndani ya mpira kuna nyuzi ngumu zinazobeba mzigo wote, na nyuzi hizo zikivunjwa kwa kukunjwa huwezi kuliona jeraha kwa nje. Alinisikiliza kupita kiasi: mikanda ilifika ndani ya kopo la biskuti la bati, ikiwa imelala kwenye duara lake, juu yake soksi.

Vifaa nilivyotumia ni spana za aleni, soketi, spana ya torki niliyoazima, stendi ya kuinua gurudumu la nyuma, tochi ya kichwani, na chupa ya rangi nyeupe ya kucha ya dada yangu. Injini lazima iwe baridi kabisa, yaani iwe imelala usiku kucha, kwa kuwa alumini hutanuka ikipata moto na kuukaza mkanda, na kipimo chochote utakachochukua injini ikiwa na joto kitakuwa cha uongo.

Nilianza kwa kutoa waya hasi wa betri. Nikainua tangi, ambalo kwenye Monster hii linafunguka kama boneti, nikatoa plagi zote mbili za moto ili injini izunguke bila kubana, nikaweka gia ya juu kabisa. Kwa namna hiyo ukizungusha gurudumu la nyuma kuelekea mbele kwa mkono, injini inazunguka pole pole kwa upande wake sahihi. Usiizungushe kinyumenyume. Kisha nikafungua vifuniko vya mikanda.

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na nitakaa hapa kidogo. Ukiangalia utaona puli, yaani magurudumu madogo yenye meno yanayoshika mkanda, mahali patatu: chini katikati kuna shafti ya kati yenye puli mbili zilizopakana, moja kwa kila mkanda, mbele kuna puli ya silinda iliyolala, juu kuna puli ya silinda iliyosimama. Shafti ya kati huzunguka nusu ya kasi ya krankshafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, na puli za kamshafti zina ukubwa sawa na zake. Maana yake ni kwamba krankshafti ikizunguka mara mbili, puli zote huzunguka mara moja na kurudi mahali pake. Kila mahali kati ya hapo patatu pana alama iliyochongwa kiwandani kwenye puli, na alama nyingine inayotazamana nayo kwenye mwili wa injini. Pistoni ya silinda iliyolala ikifika juu kabisa katika mkondo wa kubana, alama zote tatu zinatazamana na wenzake kwa wakati mmoja. Ukiona mbili zinatazamana na ya tatu iko ng'ambo, zungusha tena. Usijiambie kwamba mbili zinatosha.

Alama za kiwandani kwenye injini yangu zilikuwa zimejaa uchafu, mojawapo ikionekana kama mkwaruzo tu. Nilizisafisha kwa mswaki na kuzipaka rangi ya kucha. Kisha nikapaka nukta kwenye puli na kwenye jino la mkanda wa zamani lililokuwa limekaa hapo, kila mahali patatu, kwa mikanda yote miwili. Nikapiga picha kwa simu kutoka mbele, si kutoka juu, kwa sababu ukitazama alama kwa pembe utaiona imelingana wakati haijalingana.

Baada ya hapo nililegeza bolti za roli inayosogea, ile inayokaza mkanda, mkanda ukalegea, nikatoa wa nje kwanza kisha wa ndani. Mkanda wa silinda iliyosimama ulipotoka, puli yake ilijisogeza yenyewe kidogo, tak, kama mtu aliyeguswa begani. Moyo ulinipasuka. Kumbe ni msukumo wa valvu ndani. Niliirudisha taratibu kwenye alama yake kwa mkono, bila kuizungusha duara zima. Mikanda ikiwa nje, usizungushe chochote zaidi ya hapo, maana sasa hakuna kinachozuia valvu na pistoni zisikutane.

Mikanda ya zamani niliilaza mezani kando ya mipya, nikahesabu meno kutoka nukta hadi nukta, na kuhamisha nukta hizo kwenye mikanda mipya. Nilihesabu mara tatu. Mara ya pili nilipata jibu tofauti kwa sababu jirani alinisalimia katikati.

#6 Fundi_Kariobangi

Vizuri. Umeruka jambo moja, au pengine ulilifanya bila kulitaja. Mikanda ikiwa nje ndiyo nafasi yako ya kukagua roli. Kila roli ina beringi ndani. Izungushe kwa kidole huku sikio likiwa karibu: ikizunguka kimya na kwa uzito kidogo, grisi bado imo, ikikoroma au ikizunguka bure kama gurudumu la baiskeli ya mtoto, beringi imekauka na itauua mkanda wako mpya. Nimewahi kuona mkanda wa wiki sita uliochanika, na kosa halikuwa la mkanda.

Angalia pia nyuma ya puli kama kuna unyevu wa oili. Sili ya shafti ikivuja, oili hulowesha mkanda na mpira huoza. Na puli zifutwe kwa kitambaa kikavu hadi meno yawe safi. Asikudanganye mtu upake grisi ili "iteleze vizuri".

#7 Mpanda_wa_SouthB

Fundi, nilizungusha roli lakini la sikio sikulijua. Nilirudi jana usiku nikafungua kifuniko kimoja. Roli moja ina mlio mdogo sana. Nimeshaiagiza.

#8 Dada_wa_Ngong

Nimefuatilia kwa hamu kwa sababu nina Monster 796 na mwaka huu zamu yake inafika. Kaka, nina swali ambalo huenda ni la kijinga. Rafiki yangu alijaribu kazi hii kwenye pikipiki yake, akaweka mikanda vizuri na nukta zote zikalingana, kisha akaizungusha injini kwa mkono na nukta zikapotea kabisa. Za mkanda hazikurudi mahali pake hata baada ya mizunguko mingi. Akafungua tena, akaanza upya, ikawa vilevile. Mwishowe alipakia pikipiki kwenye pikapu. Alikosea wapi?

#9 Mpanda_wa_SouthB

Dada, si swali la kijinga, na rafiki yako huenda hakukosea hata kidogo. Mkanda una meno mengi kuliko puli. Puli ikimaliza mzunguko mmoja, mkanda bado haujamaliza wake, kwa hiyo ile nukta ya rangi kwenye mkanda itakuwa imeshatembea kwenda kwingine. Nukta za mkanda kazi yake ni moja tu: kukusaidia kuuvalisha mara ya kwanza. Ukishazungusha, zisahau kabisa. Kuanzia hapo unatazama alama ya puli dhidi ya alama ya injini, basi. Ndiyo maana nilitumia rangi nyeupe kwenye mikanda, na za puli na injini nikaziongezea doa la rangi nyekundu, zisichanganyike machoni.

Sasa nieleze kosa langu.

Mkanda wa silinda iliyolala uliingia vizuri. Wa silinda iliyosimama ulikuwa unakaza, nami nikausukuma kwenye puli ya juu huku ulegevu ukiwa upande usiofaa. Kanuni ni kwamba upande wa mkanda unaovutwa, ule usio na roli ya kukaza, unapaswa kunyooka kwanza, na ulegevu wote ubaki upande wa roli. Mimi nilifanya kinyume. Nilipotazama, alama ya puli ya juu ilikuwa imepita mwenzake kidogo, pengine nusu jino, nami nikajiambia kwamba nikikaza roli itajivuta irudi. Nikakaza. Nikaona kama imerudi. Nilikuwa nimechuchumaa tangu asubuhi na jua lilikuwa limehamia kwenye ukuta wa jirani. Nadhani niliona nilichotaka kuona.

Kisha nikazungusha gurudumu la nyuma pole pole, nikihesabu. Krankshafti mizunguko miwili. Alama ya chini ikatazamana. Ya mbele ikatazamana. Ya juu ilisimama kando ya mwenzake kwa upana wa jino moja kamili. Nilizungusha mizunguko mingine miwili, jibu likawa lilelile.

Jino moja huenda lisingevunja kitu. Injini ingewaka, ingetetemeka na kukosa nguvu. Lakini sikuwa na njia ya kujua kwamba ni jino moja na si mawili isipokuwa kwa kuzungusha kwa mkono, na ndiyo sababu hatua hii haiachwi. Ukizungusha na ukahisi kitu kigumu kimegusa ndani, simama hapo hapo. Usiongeze nguvu. Plagi zikiwa nje hakuna kubana kwa hewa, kwa hiyo ugumu huo ni chuma kinachogusa chuma.

Nililegeza, nikautoa, nikaanza tena upande unaovutwa ukiwa umenyooka. Safari hii ulikaa.

#10 Dada_wa_Ngong

Asante sana, kaka. Nitamwambia, ingawa bili ya pikapu haitarudi. Na mkazo wa mkanda uliupimaje? Nimeona watu wakitumia simu, wengine spana ya aleni.

#11 Mpanda_wa_SouthB

Nilitumia zote mbili. Kwa injini za valvu mbili kwa kila silinda, kama yangu na yako, wengi hutumia spana za aleni kama kipimo: kati ya mkanda na roli isiyosogea, ya milimita 5 ipite kwa kugusa, ya milimita 6 isipite. Mkanda uliolegea unaweza kuruka jino. Uliokazwa mno unakula beringi na kujichosha wenyewe. Wengi hukosea kwa kukaza mno, kwa sababu mkono wa mtu hupenda kukaza.

Njia ya simu ni kuugonga mkanda kama uzi wa gitaa na programu ikasoma mlio wake kwa hezi, yaani mitetemo kwa sekunde. Kila injini ina namba yake, isome kwenye mwongozo wa modeli yako na usiazime namba ya mwenzako. Za valvu nne zinataka namba zake. Nilipojaribu saa nane mchana programu ilinisomea honi za matatu, jenereta ya kinyozi na muadhini. Niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikapata namba ileile mara tano mfululizo. Bolti za roli nilizifunga kwa spana ya torki, kisha nikapima tena, kwa sababu kufunga kwenyewe huweza kuisogeza roli.

#12 Mzee_wa_Gitanga

Wanangu, mimi niliendesha Honda Gold Wing ya zamani, ambayo nayo ilikuwa na mikanda ya taimingi hadi walipoleta ya 1800 na kuweka mnyororo. Sikuwahi kuigusa mwenyewe, na sijutii. Mnawahimiza watu wafungue injini nyuma ya nyumba, halafu mmoja atakapopinda valvu nani atamlipa? Hata Ducati wenyewe wameanza kuiacha mikanda kwenye injini zao mpya.

#13 Mpanda_wa_SouthB

Shikamoo, Mzee. Ni kweli, Ducati Panigale ya 2012 ilikuja na mnyororo, na ile injini ya V4 ya Ducati Multistrada wameirudishia hata springi za valvu. Simhimizi mtu asiye na mwongozo wa modeli yake wala asiyeweza kuiacha pikipiki siku tatu bila kuihitaji kwenda kazini. Mimi mwenyewe kurekebisha nafasi za valvu, yaani kupima na kubadilisha vipande vidogo vya chuma kati ya valvu na mikono ile, sikuthubutu. Hilo nitampa mtu. Lakini Mzee, mimi nililipia mikanda kwa kuiamini risiti, na nilichokikuta mmeshakisoma. Nikipinda valvu kwa mkono wangu nitajua ni nani wa kulaumu.

#14 Fundi_Kariobangi

Mzee ana haki ya kuogopa, na kijana ana haki ya kufungua. Mteja akinijia namwonyesha mkanda wa zamani na mpya kwa pamoja, kabla sijafunga kifuniko. Wachache sana huomba kuonyeshwa.

Iliwakaje?

#15 Mpanda_wa_SouthB

Nilirudisha plagi na betri, nikabonyeza swichi nikiwa nimesimama mbali kana kwamba italipuka. Iliwaka mara ya kwanza. Niliisikiliza dakika mbili vifuniko vikiwa bado nje, nikaizima, nikasubiri ipoe hadi kesho yake, nikakagua alama na mkazo tena. Hakuna kilichosogea. Nimeshaipeleka Naivasha na kurudi kwa barabara ya chini, na nguvu imeongezeka kwenye mlima wa Mai Mahiu, ingawa hilo huenda ni kichwa changu tu. Roli mpya ikifika nitafungua tena, na mara hii nitaanza na upande unaovutwa.

#16 Boda_Pipeline

Hongera, ndugu. Ile mikanda ya zamani unaitupa? Ningeiomba nifungie mitungi ya maji kwenye keria.

#17 Mpanda_wa_SouthB

Karibu uichukue, ndugu, ila nimekwisha kuikata vipande viwili viwili kwa msumeno, isije siku moja ikapanguswa vizuri na kuuzwa mahali kama mipya. Kwa mitungi bado urefu unatosha.